Umehamia nje ya mji Texas? Umeme wako sasa ni wa ushirika

Wengi wetu tulioanzia kwenye apatimenti za Dallas na Fort Worth sasa tunanunua nyumba mbali zaidi, kwenye kaunti ambako viwanja havijapanda bei sana. Na kila anayehama huuliza swali lile lile kwenye magrupu ya WhatsApp: "Jamani, huku kampuni gani ya umeme ina bei nafuu?" Mjini tumezoea. Mkataba ukiisha unaingia mtandaoni, unalinganisha bei, unahama. Huku mara nyingi hakuna cha kuchagua. Laini inayopita mbele ya nyumba ni ya ushirika, yaani chama kinachomilikiwa na wateja wake wenyewe, na ushirika huo huo ndio unaokuuzia umeme. Soko la umeme la Texas lilipofunguliwa mwaka 2002, vyama vya ushirika viliachiwa viamue vyenyewe kuingia kwenye ushindani au kubaki nje, na karibu vyote vikabaki nje.

Nilinung'unika kama wengine, mpaka nilipokaa chini nikasoma karatasi za uanachama. Ushauri wangu ni huu: ukiishi na ushirika kama unavyoishi na kampuni, utalipa bili tu na haki zako nyingine zitakupita.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt alipoanzisha wakala wa kupeleka umeme vijijini, ni kama shamba moja tu katika kila kumi ya Marekani lililokuwa na umeme. Kampuni hazikuona faida ya kuvuta waya maili nzima kwa ajili ya familia mbili. Wakulima wakaungana, wakakopa serikalini kwa riba nafuu, wakasimamisha nguzo zao. Leo vyama hivyo ni takriban 900, na hesabu ile ile bado inavibana: kwa wastani maili moja ya laini inahudumia wateja wanane hivi. Ndiyo maana bili yako ina ada ya kila mwezi ambayo haishuki hata ukizima kila kitu ukaenda Mombasa mwezi mzima.

Aliyewahi kuwa kwenye SACCO ataelewa haraka, ila hapa hununui hisa. Mwisho wa mwaka, gharama zikishatolewa, ziada hugawiwa vitabuni kwa jina la kila mwanachama kulingana na alivyolipia umeme. Halafu inakuja barua kwamba umetengewa dola sitini na kitu. Usikimbilie benki, hiyo si hundi. Hela inabaki kuwa mtaji wa nguzo na transfoma, na bodi ndiyo inayoamua irudishwe lini. Miaka ishirini si ajabu. Ikirudi, huja kama hundi au punguzo kwenye bili.

Hapo ndipo watu wetu wanapopoteza, maana tunahamahama. Ukiuza nyumba ukaenda Ohio, hela bado ni yako, lakini hundi itatumwa kwenye anwani ya mwisho waliyo nayo. Isipodaiwa, sheria ya Texas inaruhusu sehemu yake iingie kwenye ufadhili wa wanafunzi wa vijijini. Ni jambo jema, ila mimi pia nina watoto wa kusomesha. Kwa hiyo siku ya kufunga akaunti, acha anwani mpya, na uwe unaisasisha kila unapohama. Mke na mume, ulizeni kama mnaweza kuandikishwa wote wawili. Na mwanachama akifariki, familia isikae kimya: vyama vingi huwalipa warithi mapema wakiomba, japo mara nyingi kwa kukata kiasi fulani.

Sasa kura. Mwanachama mmoja, kura moja, awe na kibanda au ranchi ya ng'ombe mia tano. Na kwa kawaida kura hii haiangalii uraia, inaangalia akaunti. Mwenye green card anapiga. (Ya serikali ni habari nyingine kabisa, usije ukachanganya ukajitia matatani.) Mkutano mkuu una chakula na bahati nasibu, wazee wa kofia pana wamejaa viti vya mbele, na sisi hatuonekani. Kura chache tu zinaweza kumwingiza mtu kwenye bodi. Bodi hiyo ndiyo inayopanga bei. Tume ya huduma za umma ya jimbo haiupangii ushirika bei ya rejareja, kwa hiyo kulalamika huko Austin kuhusu bei ni kupoteza muda.

Ukiona hayo ni mambo ya wazee, kumbuka baridi kali ya Februari 2021 iliyokatisha umeme Texas. Ushirika wako husambaza tu; umeme wenyewe mara nyingi hununua kwa ushirika mkubwa unaomilikiwa na vyama kadhaa. Wakati huo Brazos Electric ilikuwa mmoja wao, mali ya vyama 16. Bei ya jumla ilipopanda hadi dola 9 kwa yuniti, Brazos ikaletewa ankara ya takriban dola bilioni 2 kwa siku chache tu, na tarehe 1 Machi ikaomba mahakamani ulinzi wa kufilisika dhidi ya wadai wake. Kwenye ushirika hakuna mwanahisa wa mbali wa kubeba hasara. Deni hushuka hadi kwenye mita za wanachama. Kwa hiyo simama mkutanoni uulize: umeme tunanunua kwa nani, mkataba unaisha lini, na kiasi gani tumeshakifungia bei kabla ya baridi?

Na yule kijana wa paneli za sola atakayegonga mlango Jumamosi na tableti yake, asikuharakishe. Texas haina kanuni moja kwa jimbo zima ya kununua umeme wa paa lako. Kila ushirika una bei yake na masharti yake ya kuunganisha. Piga simu ofisini kwao kwanza, waambie wakutumie bei hiyo kwa maandishi, kisha ndipo upige hesabu ya mkopo anaokuuzia.