Maswali ya Wasomaji: Kwa nini Louisville ilijengwa penye maporomoko?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mpwa wangu na familia yake walihamishiwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, na sasa wanaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, pamoja na Wakongomani wengine wengi wanaozungumza Kiswahili. Ameniandikia kwamba mji huo uko kando ya mto mkubwa uitwao Ohio, lakini mbele ya mji maji hupita juu ya miamba. Nimefanya kazi bandarini Kigoma, na jambo hilo linanishangaza. Waanzilishi wa mji huo waliona nini hata wakachagua mahali ambapo chombo hakipiti?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Ndugu msomaji, chombo kutopita ndiyo sababu yenyewe ya mji huo kuwapo. Mto Ohio huanzia Pittsburgh na kusafiri karibu kilomita 1,580 hadi kuungana na Mississippi, na katika mwendo huo wote kizuizi kikubwa cha asili kilikuwa kimoja tu, yaani maporomoko ya Louisville, ambapo mto ulishuka takriban mita 8 katika umbali wa kilomita 3 hivi, juu ya mwamba wa chokaa. Maji yakiwa mengi, rubani aliyeijua miamba aliweza kupenya. Yakipungua, ilibidi shehena yote ishushwe, ibebwe kwa mikokoteni hadi ng'ambo ya miamba, kisha ipakiwe upya katika chombo kingine. Wewe uliyefanya kazi bandarini unajua kinachofuata: penye kushusha na kupakia hupatikana wachukuzi, maghala, madalali, nyumba za wageni na mafundi wa mashua, na watu hao wote wanahitaji kula na kulala.

Hata hivyo, waliofika kwanza hawakuletwa na biashara. Marekani ilikuwa vitani kuutafuta uhuru wake kutoka kwa Uingereza, na tarehe 27 Mei 1778 George Rogers Clark, kijana wa miaka 25, alitua hapo akiwa na askari wapatao 150 pamoja na familia kadhaa za walowezi. Aliwaweka walowezi kwenye kisiwa kidogo kilichoitwa Corn Island, kutokana na mahindi waliyoyapanda, akawafunza askari wake, kisha akateremka na mto kwenda kuziteka ngome za Waingereza upande wa magharibi. Mwaka 1780 Bunge la Virginia, ambalo wakati huo lilitawala Kentucky, liliutambua mji huo rasmi na kuupa jina la Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, aliyekuwa akiwasaidia Wamarekani katika vita.

Ni wajibu kusema wazi kwamba nchi hiyo haikuwa tupu. Washawnee na mataifa mengine ya wenyeji waliitegemea kwa uwindaji, na mkataba wa mwaka 1768 ulioitoa kwa Waingereza ulitiwa saini na Wairokwa, muungano wa mataifa mengine ya wenyeji, bila ridhaa ya Washawnee. Ndiyo maana walowezi wa Louisville waliishi ndani ya ngome, na mapigano ya bonde la Ohio hayakutulia hadi wenyeji waliposhindwa mwaka 1794 na kulazimishwa kuachia ardhi zaidi mwaka uliofuata. Clark mwenyewe alitumia mali yake kugharimia vita, hakurudishiwa, akafa mwaka 1818 karibu na mji aliouanzisha.

Utajiri ulikuja na meli za mvuke. Zamani kupanda mto kutoka New Orleans kulichukua miezi, kwa kusukuma mashua kwa mipondo na kuivuta kwa kamba. Mwaka 1815 meli iitwayo Enterprise ilifika Louisville kwa siku 25, na kufikia mwaka 1853 meli za kasi zilimaliza safari hiyo kwa chini ya siku 5. Mfereji wa kuyakwepa maporomoko ulifunguliwa mwaka 1830, na ungetarajia kwamba mji ungekufa, kwa kuwa sasa chombo kilipita. Haikuwa hivyo. Malango ya maji ya mfereji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia meli, yalikuwa membamba, na kadiri meli zilivyozidi kuwa kubwa ndivyo nyingi zilivyoshindwa kuingia, kwa hiyo shehena iliendelea kushushwa. Mwaka 1850 Louisville ilikuwa na wakazi 43,194, ikiwa miongoni mwa miji mikubwa nchini Marekani.

Kwa kuwa mpwa wako anatoka Kongo, huenda akapenda kujua kwamba Muhammad Ali, aliyezaliwa Louisville mwaka 1942, alilirudisha taji lake mwaka 1974 mjini Kinshasa, ambako nako meli za mtoni hukomea kwa sababu ya maporomoko yanayoelekea Matadi.

SWALI: Nimesoma kuwa Mto Ohio ulikuwa mpaka wa utumwa. Je, mtumwa wa Louisville aliyevuka hadi ng'ambo alikuwa huru?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: La, Mwalimu, hakuwa huru. Indiana, jimbo la ng'ambo ya mto linaloonekana kwa macho kutoka gatini Louisville, halikuruhusu utumwa, lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 1793 ilimpa bwana haki ya kumfuata mtoro katika jimbo lolote. Usalama wa kweli ulikuwa Kanada. Thornton na Lucie Blackburn, mume na mke, walitoroka Louisville mwaka 1831 kwa kupanda meli ya mvuke mchana, wakakaa Detroit miaka miwili, wakakamatwa. Watu weusi wa Detroit waliinuka wakawakomboa, wakavuka hadi Kanada, na serikali ya Kanada ya Juu, koloni la Uingereza, ikakataa kuwarudisha. Baadaye wakaanzisha teksi ya kwanza ya farasi mjini Toronto.

Wengi hawakupata bahati hiyo. Louisville ilikuwa soko ambako watu wa Kentucky waliuzwa na kusafirishwa kuteremka mto hadi mashamba ya pamba ya kusini, na kwa maoni yangu historia ya gati hilo haijasimuliwa sawasawa kama habari hii inaachwa nje. Tangazo la Rais Lincoln la kuwakomboa watumwa, la mwaka 1863, halikuihusu Kentucky kwa sababu haikuwa miongoni mwa majimbo ya kusini yaliyoasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hivyo utumwa uliishia huko Desemba 1865, Katiba ya Marekani ilipobadilishwa.

SWALI: Je, kisiwa cha Corn Island bado kipo?
Msomaji, Bujumbura

JIBU: Hakipo tena. Miti yake ilikatwa, mwamba wake ukachimbwa kwa ajili ya saruji, mkondo ukala udongo uliobaki, na mabwawa yaliyojengwa baadaye yakapandisha maji juu yake. Maporomoko yenyewe hayajatoweka yote: upande wa Indiana kuna hifadhi ambamo, maji yakipungua kati ya Agosti na Oktoba, mtu hutembea juu ya mwamba uliojaa mabaki ya matumbawe ya bahari ya zaidi ya miaka milioni 380 iliyopita.