Nyota za Visiwa vya Pasifiki: Maswali Yenu na Majibu

Wasomaji wameuliza namna ya kuipa nchi nyota na kuichora tabia yake kana kwamba ni mtu. Tumechukua mfano wa visiwa vya Pasifiki, maana huko ndiko tarehe na saa huwapiga chenga hata wazoefu.

Nchi hizi zimezungukwa na bahari pande zote. Si zote zingekuwa Samaki?

Hapana. Nyota ya nchi hutokana na siku dola ilipozaliwa, haitokani na ramani. Ukizipanga nchi 12 huru za visiwa vya Pasifiki kwa tarehe za uhuru, hupati Samaki hata mmoja! Mizani ndiyo inayoongoza, ikiwa na nne: Fiji (10 Oktoba 1970), Tuvalu (1 Oktoba 1978), Visiwa vya Marshall (21 Oktoba 1986) na Palau (1 Oktoba 1994). Kaa ni wawili, Visiwa vya Solomon (7 Julai 1978) na Kiribati (12 Julai 1979). Zilizobaki kila moja ina yake: Samoa ni Mbuzi, Nauru Ndoo, Tonga Mapacha, Papua New Guinea Mashuke, Vanuatu Simba, na Mikronesia ni Ng'e.

Samoa husherehekea uhuru tarehe 1 Juni. Kwa nini mnaiita Mbuzi badala ya Mapacha?

Kwa sababu ilipata uhuru kisheria tarehe 1 Januari 1962. Juni ni mwezi wa gwaride na sherehe tu. Kanuni tunayoifuata ni kuanza na tarehe ya kisheria, kisha kuiacha iwapo tu kuna sababu nzito. Hata kwetu jambo hili lipo: 9 Desemba 1961 ni ya Tanganyika, nayo ni Mshale, Muungano wa 26 Aprili 1964 ni Ng'ombe. Anayesema "nyota ya Tanzania" bila kutaja tarehe hajasema kitu.

Sababu nzito ipo Tonga. Tarehe 4 Juni 1970 ulikoma ulinzi wa Uingereza, lakini ufalme ulikuwepo siku zote, na katiba yake ilitolewa 4 Novemba 1875 chini ya Mfalme George Tupou wa Kwanza. Kwa tabia ya nchi hiyo, sisi tungechukua Ng'e ya 1875 na kuwaachia Mapacha wanaopenda mambo mepesi.

Programu ya simu yangu na tovuti moja zinanipa Mwezi tofauti kwa Samoa ile ile. Ipi ni sahihi?

Angalia saa za kanda. Mwishoni mwa 2011 Samoa ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe na kuiruka kabisa siku ya 30 Desemba. Leo iko saa 13 mbele ya saa za Greenwich, ila mwaka 1962 ilikuwa saa 11 nyuma. Programu inayotumia saa za leo inakosea kwa siku nzima. Jua litasogea nyuzi moja tu na hutashtuka, lakini Mwezi uliopaswa kuwa nyuzi kama 6 za Ng'e utarudi Mizani, nyuzi kama 24. Iwapo programu haijui historia ya kanda, ingiza mwenyewe saa za Greenwich: 1 Januari 1962, 11:00 (saa tano asubuhi kwa Kiswahili), ambayo ndiyo saa sita usiku ya Samoa wakati huo.

Mtego wa pili unatuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Uhuru mwingi huanza kisheria saa sita usiku, na kwenye programu hiyo ni 00:00. Ukiandika 06:00 umeingiza alfajiri. Namna ya kujikagua ni rahisi: katika chati, yaani mchoro wa anga, ya saa sita usiku Jua hukaa chini kabisa, karibu na mwanzo wa nyumba ya nne (chati hugawanywa nyumba 12). Ukilikuta kushoto, kwenye upeo wa macho, umeandika alfajiri. Ukilikuta juu, umeandika adhuhuri.

Mtego wa tatu ni latitudo. Chukua Fiji: Suva, saa sita usiku ya kuingia 10 Oktoba 1970. Jua liko karibu nyuzi 16 za Mizani, na nyota inayochomoza, yaani inayoibuka mashariki saa hiyo, ni Kaa, nyuzi kama 7. Ukisahau kuandika kwamba Suva ipo kusini ya ikweta, inayochomoza inasogea hadi nyuzi kama 22. Bado ni Kaa, kwa hiyo huoni kosa, huku mipaka ya nyumba imeshahama.

Mizani ni nyota ya amani. Fiji yenye mapinduzi manne inakuwaje Mizani?

Swali zuri, na hapa ndipo wengi huchora katuni badala ya tabia. Mizani si mpole kwa asili. Ni mtu asiyeacha kupima, na pande mbili zisipolingana hana raha.

Pande mbili za Fiji zinajulikana. Kati ya 1879 na 1916 Waingereza walileta vibarua kutoka India kulima miwa, na wajukuu wao wanaishi pamoja na wenyeji, iTaukei. Ugomvi juu ya nani ashike usukani ulichangia mapinduzi mawili ya 1987 na lile la 2000. La 2006 lilikuwa na sura nyingine. Katiba nazo zimeandikwa mara nne: 1970, 1990, 1997 na 2013. Mizani inapima, inafuta, inapima tena.

Kuna na jambo ambalo wanajimu hulipenda mno: visiwa vilikabidhiwa kwa Uingereza 10 Oktoba 1874, uhuru ukaja 10 Oktoba 1970, na jamhuri ikatangazwa 7 Oktoba 1987. Zote Mizani. Ya 1970 ilichaguliwa kufuata ile ya 1874, kwa hiyo usiseme ni miujiza.

Mtawala wa Mizani ni Zuhura, sayari ya adabu na maelewano, na huyo utamwona kijijini. Mgeni hufika na mizizi iliyokauka ya yaqona, mmea wa kinywaji cha kava, na kuiweka mbele ya mwenyeji. Hutwangwa, huchanganywa na maji kwenye bakuli la mbao, tanoa, kisha hupokezanwa kwa kifuu cha nazi. Piga kofi moja, kunywa yote kwa mkupuo, kisha makofi matatu. Ukitaka kumwandika Fiji kama mhusika, mwanzishe hapo, ndipo umpeleke bungeni.

Tuvalu na Palau zote ni 1 Oktoba. Je, ni pacha?

Zinafanana kuliko unavyodhani. Zuhura hurudi karibu mahali pale pale kila baada ya miaka 8, na kati ya 1978 na 1994 kuna miaka 16. Katika chati zote mbili ipo Ng'e. Tofauti iko kwa Zohali: Tuvalu iko Mashuke, Palau iko Samaki, yaani zinatazamana. Mashuke ni hesabu ndogondogo, na Tuvalu yenye eneo la kilomita za mraba kama 26 hujipatia fedha kwa kukodisha anwani za intaneti zinazoishia na .tv. Zohali, sayari ya mipaka, kuwa Samaki? Palau imefunga asilimia 80 ya maji yake kwa uvuvi wa kibiashara.

Nataka kumwandika Kiribati kama mtu. Nianzie wapi?

Andika kwanza sifa tano za Kaa: nyumba, ukoo, kumbukumbu, gamba, kwenda upande. Kisha tafuta tukio la kweli kwa kila sifa, na usiyolipatia ifute bila huruma.

Ukoo: ndani ya maneaba, jumba la mikutano la kijiji, kila ukoo una mahali pake pa kuketi. Kumbukumbu: watu wa kisiwa cha Banaba, kilichochimbwa fosfeti, walihamishiwa Rabi huko Fiji mwaka 1945, na hadi leo wana mwakilishi katika bunge la Kiribati. Nyumba: mwaka 2014 serikali ilinunua shamba kubwa Vanua Levu, Fiji, huku bahari ikizidi kupanda. Hapo una Kaa anayetafuta gamba la akiba. "Kwenda upande" sisi tungeifuta.

Chati inaweza kuonyesha kimbunga kitapiga Vanuatu lini?

Haiwezi. Unajimu wa nchi ni chombo cha kuchorea tabia. Hauna ushahidi wa kutabiri chochote. Msimu wa vimbunga Pasifiki Kusini ni Novemba hadi Aprili, na mwenye ndugu au safari huko afuate matangazo ya idara ya hali ya hewa ya Vanuatu na kituo cha vimbunga cha Nadi, Fiji.