Usimfanye Papa Aombe Radhi

Mwaka juzi nilimsimulia binti yangu kisa cha Kima na Papa, nikakiharibu. Alikuwa na miaka sita, kesho yake kuna shule, nami nilitaka alale mapema na asiote ndoto mbaya. Nilipofika pale Papa anapomwambia Kima, wako katikati ya bahari, kwamba anampeleka kwao akatolewe moyo, nikaona makali yake yamezidi. Nikayapunguza. Papa wangu akajuta palepale, akaomba radhi, akamrudisha Kima mtini kwake, wakaishi kwa wema. Nikamfunika mtoto shuka. Akanitazama, akauliza, "Baba, sasa Kima yeye alifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Kima wangu hakufanya lolote. Alikaa mgongoni mwa Papa akaokolewa na huruma ya yuleyule aliyetaka kumwua, na mtoto wa miaka sita aliliona pengo hilo kabla yangu.

Mwaka uleule, Ramadhani, mama yangu akaja kutoka Tanga kukaa nasi. Usiku mmoja baada ya isha alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi ya wali wa daku, wajukuu wake wawili wamemzunguka. Nikamsikia kutoka ndani: "Paukwa!" Watoto kimya, hawajui wanatakiwa kusema nini. Akarudia, "Paukwa!" Na mimi, mtu mzima niliyeshika simu sebuleni, nikajikuta nimeitika kwa sauti, "Pakawa!" Nikatoka, nikakaa chini nao.

Alikisimulia vile alivyonisimulia mimi, na vile alivyosimuliwa yeye. Mkuyu umeota ukingoni mwa maji, nusu ya matawi yake nchi kavu, nusu juu ya bahari. Kima yuko juu anakula kuyu, Papa yuko chini anatupiwa. Urafiki wa siku nyingi na miezi mingi. Kisha mwaliko: rafiki yangu, umenilisha sana, nawe twende kwetu nikulipe wema wako. Kima hajui kuogelea, basi Papa anambeba. Wamefika nusu ya safari, Papa anasema, nakwambia kweli, sultani wetu hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anafikiri. Anasema, laiti ungeniambia kulekule! Sisi kima tukitembea hatuendi na mioyo yetu, tunaiacha mtini. Nirudishe nikauchukue, maana ukinifikisha huko bila moyo mtaniua bure.

Papa akageuka.

Muda wote huo ile nazi ilikuwa inakunwa, kwaruu, kwaruu, kama mawimbi. Kima alipoukwea mkuyu, mama akasimamisha mkono. Kifuu kimetulia kwenye meno ya mbuzi. Papa anaita kutoka chini, "Kima, shuka twende zetu." Mama kimya. "Kima ewe, shuka." Kimya. Mwanangu wa kiume, alikuwa na miaka minne, akatia kiganja kifuani, akakishikilia pale, kisha akasema polepole, "Bibi, wangu upo. Unapiga."

Ndipo mama akaendelea: "Twende wapi?"

"Twende kwetu."

"Una wazimu? Umeniona mimi punda wa dobi?"

Tangu usiku ule nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, kwa wanangu, kwa watoto wa majirani, na mara moja kwa darasa zima la watoto wadogo, na jambo la kwanza ninalomwambia mzazi anayeniuliza ni hilo la kimya. Usikiruke. Kima akishafika juu ya mti, funga mdomo. Mimi huvuta pumzi tatu nzima, na pumzi tatu ni nyingi mbele ya watoto. Ndani ya kimya hicho ndimo mtoto anapoelewa, kwa akili yake mwenyewe, kwamba Kima amedanganya na uongo wake umemwokoa. Ukiwahi kumweleza wewe, umemnyang'anya. Katuni ya kwenye simu haiwezi kumngoja. Wewe unaweza, kwa sababu unamwona usoni.

Jambo la pili lilinijia kupitia binamu yangu anayeishi Muscat. Nilimtumia sauti ya mama akisimulia, akawawekea wanawe. Mkubwa wao, ambaye Kiarabu cha shule kimemkolea kuliko Kiswahili cha nyumbani, akasema kisa anakijua ila bibi amekosea, si papa, ni kobe. Alikisoma katika Kalila na Dimna.

Hakukosea mtoto, wala bibi hakukosea. Kitabu hicho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu mnamo mwaka 750 hivi, akikitoa katika Kipahlavi, lugha ya Waajemi wa kale. Waajemi nao walikuwa wamekipata kutoka India, karne mbili kabla yake, kwa mkono wa tabibu aliyeitwa Burzoy. Huko India, katika Panchatantra, kitabu chao cha kale cha hadithi, anayembeba nyani ni mamba, na mti wenyewe ni mzambarau. Katika Jataka, hadithi za Wabudha, ni mamba tena, lakini nyani anapoulizwa moyo wake uko wapi anaonyesha mti wa jamii moja na mkuyu wetu, matunda yamening'inia vichala kwa vichala, anasema: mioyo yetu ile pale.

Kwetu pwani Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, aliwasikiliza wasimulizi wa mjini, na kisa hiki kikachapishwa London mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi, kikiitwa Kisa cha Punda wa Dobi. Nimekisoma humo. Mkuyu upo, matawi nusu huku nusu kule. Papa na Kima wanajibizana karibu maneno yaleyale aliyoyasema mama yangu akiwa amekalia mbuzi, naye kitabu hicho hajawahi kukiona.

Likizo iliyofuata tukiwa njiani kwenda Tanga niliwashusha watoto Korogwe, tukatembea mpaka karibu na Mto Pangani kuutazama mkuyu. Nilitaka wauone tu. Kuyu hazikai ncha za matawi kama maembe. Zinang'ang'ania shina lenyewe na matawi manene, zimebanana, nyingine kijani, nyingine zimeanza kuiva wekundu wa machungwa. Binti yangu aliokota moja iliyoanguka, akaipasua kwa kucha. Ndani nyekundu, ina vidudu vinatembea. Akautazama mti kutoka chini hadi juu, akasema, "Kumbe ni mingi." Sikumuuliza mingi nini. Nilijua anaihesabu mioyo.

Basi ushauri wangu kwa anayeishi mbali na bahari ni huu. Usione haya kubadilisha wanyama. Kama mtoto wako anakulia Kigoma au Mwanza na hajawahi kumwona papa, mpe mamba na ziwa. Kisa kilishawahi kuwa na mamba, na kobe, na hakikupungua kitu. Badilisha mti, badilisha ugonjwa wa sultani, mtie mke wa mamba mwenye wivu kama wanavyosimulia Wahindi. Usichogusa ni kwamba urafiki ulikuwa wa kweli, usaliti ulikuwa wa kweli, na Kima alijitoa mwenyewe kwa ulimi wake. Mimi niligusa hapo. Nilidhani ninamkinga mwanangu na hofu, kumbe nilimwachia hofu nikamwondolea silaha.

Na huyo punda? Wazazi wengi humkata, na wapo wasiojua kabisa kwamba yumo. Papa anauliza punda wa dobi yukoje, na Kima, kutoka juu ya mti, anamsimulia. Simba mgonjwa amemtuma Sungura amletee nyama. Sungura anamlaghai punda wa dobi kwamba anatafutiwa mchumba. Punda anakwenda, Simba anamrukia, punda anaponyoka akiwa na majeraha. Sungura anamfuata mara ya pili, anamwambia maneno matamu tena, na punda anarudi. Safari hii haponi. Simba anaporudi kutaka moyo na masikio, Sungura keshavila. Anamwambia, huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi?

Ni kikali, sikatai. Kwa mtoto wa miaka minne mimi huishia mtini, na anatosheka. Kuanzia miaka saba hivi namwingiza punda, kwa sababu umri huo mtoto ameshaanza kudanganywa na wenzake shuleni, na amesharudi kwa waliomdanganya. Binti yangu alipokisikia mara ya kwanza alikaa kimya siku nzima. Siku ya pili akanihadithia habari ya rafiki yake mmoja na kalamu za rangi, habari ambayo ilikuwa na wiki tatu na hakuwa ameitoa kwa mtu. Sikusema "unaona?" Nawasihi na ninyi msiseme. Mtoto akishaiona njia ya kupitishia jambo lake ndani ya hadithi, ukimwonyesha kwamba umeiona ataifunga.

Swali lake la sasa, ana miaka minane, ni gumu zaidi. Kwa nini Papa alisema? Angenyamaza, wangefika, moyo ungetolewa. Alimuuliza bibi yake, na mama akamjibu kama anavyojibu siku zote: "Wewe waonaje?" Akaja kuniuliza mimi.

Sikumjibu, ila mimi nina jibu langu. Zamani, kazini, nilitumwa nimwite mwenzangu aje kwenye kikao. Niliambiwa nimwambie ni kikao cha kawaida. Nilijua kwamba anakwenda kuachishwa kazi, na huyu mtu tulikuwa tunakula chakula cha mchana pamoja kila siku, mara nyingi kwa fedha yake. Tuliteremka ngazi pamoja. Kwenye ngazi ya katikati nikasimama nikamwambia. Hakuwa na mti wa kukwea, alikwenda akaachishwa, lakini aliingia mle ndani akiwa ameshajikusanya. Usiku wake nililala nikimfikiria Papa kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Nilikuwa nimekisikia kisa hiki miaka yote nikiwa Kima, wala haikunipitia kwamba mgongo uliobeba una habari yake. Mkubwa wake amemtuma, rafiki yake yuko juu yake, na maji ni yake pande zote. Nadhani alisema kwa sababu alishindwa kufika naye.

Hilo sitamwambia binti yangu. Atalifikia akiwa na umri wake, au atafika kwingine ambako mimi sijafika. Ndiyo maana nawaomba wazazi wenzangu: mkimaliza kusimulia, nyamazeni. Msiulize "tumejifunza nini?" Swali hilo linafaa darasani penye mtihani. Kitandani mtoto akiuliza, mrudishieni swali kama afanyavyo mama. Asipouliza, zimeni taa.

Wiki iliyopita mwanangu wa kiume, sasa ana sita, aliomba simu ampigie bibi yake Tanga amsimulie yeye. Niliweka sauti ya nje. Alianza na Paukwa, bibi akaitika. Akaenda vizuri, mkuyu, kuyu, safari, sultani hawezi. Kima akapanda mti. Papa akaita, "Kima, shuka twende zetu."

Halafu kimya. Kikawa kirefu. Tukasikia mama upande wa pili, "Halo? Halo? Baba, hebu angalia, simu imekatika."

Mwanangu akaisogelea simu mpaka mdomo ukagusa kioo, akanong'ona, "Bibi, subiri. Yuko juu."