Kwa mnaoanza histolojia huku Kusini: msikimbilie kulaumu wembe

Wadogo zangu mnaoanza maabara ya histolojia, yaani ya kuandaa tishu za wagonjwa zisomwe kwenye hadubini, huku Mtwara na Lindi, kabla hata hamjashika mikrotomu, ile mashine ya kukatia vipande vyembamba, naomba hili liwakae kichwani, slaidi mbovu nyingi zinaharibika kabla ya kukatwa. Mtu anaona kipande kinachanika, anabadili wembe, anabadili pembe, anabadili wembe tena, kumbe tishu yenyewe haikushika formalini, ile dawa ya kuizuia isioze.

Sampuli zetu zinatoka mbali jamani, Liwale, Newala, Nachingwea, zinapanda basi na joto lote hili na mara nyingi unakuta nyama kubwa imeshindiliwa kwenye kikopo kidogo, formalini imefika robo tu. Ile ya asilimia 10 yenye bafa inatakiwa iwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu, na inapenya polepole sana, kama milimita 1 kwa saa, tena ikienda ndani inazidi kuchelewa. Kwa hiyo kizazi kizima kikiletwa bila kupasuliwa, nje kiko safi ndani kinaoza. Pigeni simu kule kilikotoka, ongeeni kwa heshima na sista wa thieta, mwelezeni kwa nini wapasue na wajaze kopo. Mimi naihesabu simu hiyo kuwa ni kazi ya maabara kabisa, maana mgonjwa hawezi kukatwa kizazi mara ya pili.

Halafu unyevu. Hewa ya pwani ina maji, na alkoholi ya asilimia 100 tunayotolea maji kwenye tishu ikiachwa wazi inayavuta, mwisho inabaki 100 ya jina tu. Ukiona zailini, ile inayofuata baada ya alkoholi kabla ya nta, imekuwa nyeupe kama maziwa ujue maji yamefika mpaka huko, na tishu yenye maji nta haiingii, bloku, yaani tishu iliyogandishwa ndani ya nta, inakuwa laini katikati na hapo wembe wowote utashindwa. Funikeni makopo, badilisheni kwa ratiba, msisubiri daktari wa patholojia alalamike.

Kwenye kukata, barafu. Chumba kikipata joto bloku inalegea, vipande vinajikunja, so ilaze bloku kifudifudi kwenye barafu, kata maikroni 3 mpaka 4, na kama hakuna eisii kata asubuhi. Biopsi za kibofu, yaani vipande vya nyama vilivyokatwa kwa uchunguzi, huku mtakutana nazo na kichocho kipo, mayai ya minyoo yake yakishashika chokaa yanachana kipande mistari mistari, laza uso wa bloku kwenye asidi hafifu kwa muda, suuza, poza, na vile vipande vya kwanza ndio vya kuchukua maana asidi inalainisha juu tu.

Rangi haina mambo mengi. Chuja hematoksilini, ile rangi ya viini vya seli, kila asubuhi, kwenye alkoholi yenye asidi ya kupunguza rangi iliyozidi chovya sekunde chache tu, na angalia viini kwenye hadubini kabla hujaenda kwenye eosini, ile rangi ya pinki. Namba ya slaidi andika kwa penseli, wino wa peni unafutika kwenye alkoholi na zailini halafu unabaki na majibu yasiyo na mwenyewe.