Sharti lenye OR linaleta oda za wateja wengine

Swali: Ninataka ulizo langu la SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) lilete oda mpya na zinazosubiri za mteja nambari 7 pekee. Nimeandika WHERE hali = 'mpya' OR hali = 'inasubiri' AND mteja_id = 7. Halitoi ujumbe wowote wa kosa, ila linaleta na oda za watu wengine. Nimekosea wapi?

Jibu: Yatazame tena matokeo yako, nawe utaona kwamba oda zinazosubiri ni za mteja 7 peke yake, ilhali zile mpya ndizo zilizochanganyika. Katika SQL, AND hutangulia OR, kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha katika hesabu. Kwa hiyo hifadhidata imelielewa sharti lako kuwa "oda yoyote mpya, ya mteja yeyote, au oda inayosubiri ya mteja 7". Kuhamishia mteja_id mwanzoni hakutasaidia, kwani safari hii zitakazovuja ni zile zinazosubiri. Weka mabano:

WHERE mteja_id = 7 AND (hali = 'mpya' OR hali = 'inasubiri')

Mimi hupendelea hali IN ('mpya', 'inasubiri'), kwa sababu hakuna OR inayobaki ya kuponyoka. Ikiwa programu yako inaunganisha masharti kipande kwa kipande kadiri mtumiaji anavyochagua vichujio, kila kipande chenye OR kifungiwe katika mabano yake kabla hakijaunganishwa, maana hapo ndipo kosa hili hujificha kwa muda mrefu zaidi.

Usijaribu kulikwepa kwa kuandika hali <> 'imefutwa' (alama <> ina maana ya "si sawa na"). Mbali na kuingiza hali nyingine usizozitaka, sharti hilo huziacha kimyakimya oda ambazo hali yake ni NULL, yaani haina thamani yoyote, kwa kuwa kulinganisha chochote na NULL hakuleti kweli wala si kweli, nayo WHERE hupokea kilicho kweli tu. Ukizihitaji oda hizo, ongeza OR hali IS NULL, ndani ya mabano vilevile.

Kabla ya kulitumia sharti hili katika UPDATE au DELETE, ambako kosa kama hili huharibu data badala ya kuionyesha tu, lijaribu kwa SELECT kwenye jedwali dogo lenye oda nne: mpya na inayosubiri za mteja 7, kisha mpya na inayosubiri za mteja 8. Sharti lako la awali litaleta tatu. Lililosahihishwa litaleta mbili.