Civita di Bagnoregio si mahali pa kupitia

Juzi dada mmoja ameniandikia. Yuko Roma siku tatu, anataka "kupitia" Civita di Bagnoregio, kijiji cha kale cha Italia kilicho juu ya kilima, asubuhi, jioni awe amesharudi. Neno hilo limenichoma, maana mimi nami niliwahi kupapitia.

Nilikwenda Agosti, saa saba mchana, na viatu vya kupigia picha. Daraja la miguu la mwaka 1965 lina urefu wa kama mita 300, na mwisho wake ni mwinuko wa kukata pumzi. Juu nikapiga picha, nikapiga tena. Saa tisa ndipo njaa ikaniambia niko wapi. Mhudumu akanitazama kuanzia viatuni, akasema jiko limefungwa. Nikajiambia ni rangi yangu. Baadaye nilijua saa hizo hufungwa kwa kila mtu, lakini jicho lile silisahau.

Mwaka uliofuata nikarudi Septemba, nikalala. Watalii walipoteremka tukabaki na paka; wakazi wa kudumu hawafiki ishirini. Mzee mmoja alinionyesha ukingo. Waetruski, watu wa Italia ya kale kabla ya Warumi, walijenga hapa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, juu ya tufo, jiwe laini la volkano, na chini yake ni udongo wa mfinyanzi unaoliwa na mvua. Tetemeko la 1695 liliwahamisha wengi. Hata nyumba aliyozaliwa Mtakatifu Bonaventura, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, imeshaporomokea bondeni. Mzee alisema hivyo kama mtu anayetaja jirani aliyehama.

Kesho yake ilikuwa Tonna, mbio za punda kuzunguka uwanja wa kanisa, bila matandiko. Punda mmoja aligoma katikati, na uwanja mzima ukamshangilia kuliko mshindi. Usiku nikala acquacotta, supu ya wachungaji: mkate mkavu, majani machungu ya cicoria, viazi, mnanaa wa porini, yai, na mafuta ya zeituni kwa wingi. Chakula cha maskini, nami nikaongeza sahani, nikajiona mwenyeji. Ndiyo, najivuna.

Basi dada, lala hata usiku mmoja. Chakula cha mchana uwe umekaa mezani saa saba, si saa tisa. Tiketi ya kuingia, iliyoanza 2013, lipa bila kununa. Kilima kinahitaji kushikiliwa. Na lala, nimeshasema. Vijana wetu tunakimbilia picha, tunarudi hatujui hata jina la supu! Viatu nilivyovaa siku ile nilimpa mtu. Vilikuwa vinabana hata Roma.