Fonti yenye mstari ndani ya herufi: ipi inafaa kwa jalada?

SWALI: Ninaandaa jalada la kitabu cha mashairi, na ningependa kichwa chake kiandikwe kwa fonti ya mapambo yenye mstari mweupe unaopita ndani ya kila herufi. Kwenye kompyuta inapendeza, lakini nilipochapa sampuli ndogo mstari ulipotea karibu wote. Nichague vipi fonti ya aina hii, na je, ninaweza kuitumia pia kwenye mgongo wa kitabu?

JIBU: Ndugu msomaji, usiilaumu printa peke yake, kwa maana tatizo linaanzia kwenye vipimo vya fonti. Mstari ule si rangi nyeupe iliyopakwa juu ya herufi. Ni uwazi uliokatwa ndani ya umbo lake, nao hupanuka na kusinyaa pamoja na herufi. Chukulia kuwa unene wa mstari ni asilimia 3 ya ukubwa wa fonti. Kwa pointi 72 utapata mstari wa milimita 0.76 hivi, ambao unaonekana bila shida. Ukishuka hadi pointi 14, unabaki na milimita 0.15 tu, na kwa kuwa wino ukitua kwenye karatasi husambaa kidogo kutoka pande zote mbili, uwazi mwembamba kiasi hicho huzibika.

Kwa hiyo, kabla ya kuvutiwa na umbo, pima. Andika herufi I kwa pointi 100 katika programu ya michoro, uigeuze iwe umbo, kisha pima upana wa uwazi wake kwa pointi: namba utakayoipata ndiyo asilimia unayoitafuta. Kwa kazi ya kuchapwa mimi sikubali mstari ulio chini ya pointi 1, na kwa karatasi inayonywa wino sana naongeza kidogo. Fonti ya asilimia 3, kwa kipimo hicho, isitumiwe chini ya pointi 34.

Baada ya hapo andika kichwa chako chote, si jina la fonti wala alfabeti ya maonyesho. Maneno ya Kiswahili yamejaa K, M, N na W, na hizo ndizo herufi ambazo mistari ya ndani hukutana kwenye pembe kali. Fonti iliyochorwa kwa haraka huonyesha kasoro zake hapo, mistari ikigongana au ikikatika ghafla. Kama kichwa kina ng', kagua pia ile alama ya juu (apostrofi), kwa sababu fonti nyingine huweka alama isiyofanana kabisa na herufi zake. Fahamu vilevile kwamba baadhi ya fonti hizi, kama Castellar ya John Peters (1957) na Prisma ya Rudolf Koch (1931), zina herufi kubwa tu.

Mahali mstari ulipo hubadilisha sura nzima. Katika Castellar umesogezwa upande wa kushoto wa mihimili minene (mistari mikuu inayounda herufi), hivyo herufi huonekana kama zimechongwa kwenye jiwe na kumulikwa kutoka upande mmoja. Kwa mashairi, kwa maoni yangu, utulivu huo unafaa sana. Prisma imejengwa kwa mistari mingi sambamba, na inadai nafasi kubwa na maneno machache.

Kama jalada lina picha, kumbuka kwamba picha itaonekana kupitia ule uwazi, na mstari hautakuwa mweupe tena. Tafuta fonti yenye tabaka zinazotenganishwa, kama Bungee ya David Jonathan Ross, ambayo mstari wake unaweza kupewa rangi yake mwenyewe. Tafadhali usiongeze kontua (mstari unaozunguka ukingo wa herufi) wala unene wa bandia kwenye programu, kwa kuwa vyote viwili hula uwazi kutoka ndani.

Kuhusu mgongo wa kitabu, jibu langu ni hapana, isipokuwa kitabu ni kinene kweli. Tumia fonti isiyo na mstari yenye mihimili na uwiano unaokaribiana na ile ya jalada. Kisha chapa sampuli kwa ukubwa halisi, asilimia 100, kwenye karatasi ileile itakayotumika, na uitazame kwa umbali wa mkono.